Boti Iliyochaguliwa kwa Kigoda

Hadithi hii hamtaiamini. Mara ya kwanza kuisimulia, kinyozi aliyekuwa ananinyoa aliacha kichwa nusu ili apate nafasi ya kucheka, na mjomba wenu akarudi nyumbani na kofia ya kuazima. Lakini kutoaminiwa hakujawahi kunizuia kusema kweli, na kweli yenyewe ni hii: boti ya kifahari, yenye injini mbili, vitanda vya mashuka ya kung'aa na friji nzima ya barafu tu, ilichaguliwa na mwanamke asiyejua kuogelea wala kuendesha hata baiskeli. Vifaa vyake vilikuwa kigoda, vipande kumi vya mbao, na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Mwanamke huyo ni Bi Sponji, mke wa kaka yangu. Jina lake lingine lipo, ila hata yeye ukimwita kwa hilo anageuka kuangalia nani anaitwa.

Bi Sponji ni fundi wa makochi. Karakana yake iko nyuma ya duka la rangi, jirani na mchonga funguo, chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika kwa sababu robota la sponji limepita katikati yake, nusu ndani nusu nje, kama mwizi aliyebadili mawazo. Ndani kuna cherehani nyeusi, stepla ya kupigilia vitambaa, na makochi yaliyovuliwa nguo yakisubiri zamu. Yeye mwenyewe hukaa na pini mdomoni siku nzima. Ukitaka kujua kama amekasirika, angalia pini. Zikisimama wima, jiondokee.

Ana sheria moja, na kwa sheria hiyo amefukuza wateja wengi kuliko aliowashonea. Hashoni kiti mpaka mwenye kukikalia apimwe. Na hampimi mtu kwa kukaa. "Kukaa hata gunia linakaa," husema. "Kiti hupimwa kwa kuinuka." Basi anakuweka kwenye kigoda kifupi, anakwambia uinuke bila kushika kitu. Ukishindwa, anaongeza ubao mmoja wa unene wa kidole. Unakaa tena, unainuka tena. Ubao juu ya ubao, mpaka siku magoti yako yatakapokunyanyua bila kulalamika. Idadi ya mbao inaandikwa daftarini, na hiyo ndiyo siri yako na yake.

Ndiyo maana anayajua magoti ya mji mzima. Akikutana njiani na hakimu anasalimia kwa heshima zote, huku moyoni anasema, "Mbao nne, na la kulia linadanganya." Mjomba wenu yumo humo pia. Mbele ya jina langu hakuna namba. Ameandika tu: "Hatulii."

Sasa, asubuhi moja akaingia Mzee Kokoto, amebeba vijarida vya boti kwapani kama mtu anayepeleka kesi. Huyu ameuza kokoto miaka thelathini. Nusu ya nyumba za hapa zimesimama juu ya mawe yake, na nusu nyingine zimepasuka kwa sababu hazikusimama juu ya mawe yake. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe. Watoto wameshaoa na kuolewa, machimbo ameyaacha, na sasa amepatwa na ugonjwa wa boti. Alizungumza habari za nguvu za farasi kama mtu aliyekuwa akilala zizini.

"Fundi, zimebaki tatu," alisema, akitandaza vijarida juu ya kochi lililo uchi. "Nataka uje unipimie viti kabla sijatia sahihi. Wameweka vyeupe, kama hospitali. Mimi nataka rangi ya damu ya mzee."

"Ya mzee yupi?" Bi Sponji akauliza kupitia pini.

"Usinianze, fundi."

"Haya, kaa kwanza nikupime." Akakaa. Akainuka kwa mbao tatu, akajipiga kifua kama aliyeinua lori. "Na mama je? Anasemaje?"

Mzee Kokoto akapoa kidogo. "Mama anaogopa maji. Miaka miwili naimba wimbo huo huo. Nikisema twende tukaangalie boti, ana nguo za kupiga pasi. Nikisema kesho, ana ugeni. Sasa nimepata dawa: nitanunua ile kubwa kabisa, ya ghorofa tatu, isiyoyumba. Akiiona ataona haya kukataa." Akafunga kijarida, akakifungua tena. "Nilimwacha peke yake miaka thelathini nikipasua mawe, fundi. Nataka tukae mahali pamoja, mimi na yeye, simu isishike. Ndiyo shida yangu. Farasi ni maneno tu."

Pini za Bi Sponji zikalala.

Kwa maana yeye alijua jambo asilolijua mume. Humo daftarini, ukurasa wa Mama Kokoto, mliandikwa mbao mbili, za miaka tisa nyuma. Chini yake, mbao tano. Chini yake tena, mbao saba. Mara hizo mbili za mwisho Mama Kokoto alikuja peke yake, akapitia uchochoro wa nyuma, akaomba kiti chake cha nyumbani kiongezwe sponji, taratibu, kisijulikane. "Mzee asijue, mwanangu," alisema. "Akijua atanifanya mgonjwa. Sitaenda tena hata dukani." Na Bi Sponji akaapa. Siri ya mteja kwake ni kama pini: ikishaingia mdomoni haimezwi wala haitemwi.

Basi hapo ndipo mambo yalipomkaba. Akifumbua mdomo, amemwaga siri ya mtu aliyemwamini. Akinyamaza, mzee atanunua jumba la ngazi linaloelea, na mama ataendelea kusingizia maji mpaka uzee umalizike, mmoja baharini, mmoja akipiga pasi nguo zilizokwishapigwa.

"Sishoni," alisema.

"Hushoni nini?"

"Sishoni viti vya watu wawili kwa magoti ya mmoja. Mama aje apimwe."

"Si unavyo vipimo vyake?"

"Vimezeeka."

"Vipimo navyo vinazeeka?"

"Mzee, wewe ulikuwa mbao mbili. Leo umejipiga kifua kwa tatu."

Mzee alivikusanya vijarida vyake. Alikwenda nyumbani akasema mama anatakiwa na fundi, si kwenye maji, ni kando ya maji tu, dakika tano. Mama Kokoto hakuweza kumkatalia fundi anayetunza siri yake. Jumamosi wakafika wote kwenye gati la boti za starehe: mzee na vijarida vyake, mama na mkoba wake, Bi Sponji na futi shingoni. Nyuma yao alikuwapo mwanamume mtanashati, mwenye mabega ya kupigiwa mfano, amebeba kigoda na mbao kumi. Sitamtaja, asije akavimba kichwa.

Muuzaji walimwita Asali, kwa ajili ya ulimi. Alivaa suruali nyeupe na miwani ya jua, na kila alichokigusa kilikuwa cha pekee duniani.

Boti ya kwanza ilikuwa na umbo la pasi. Ilikaa chini sana kuliko gati, hata kuingia ulilazimika kuruka kama chura. Mama Kokoto alifika ukingoni, akatazama, akasimama. "Nyinyi ingieni. Mimi hapa napata upepo mzuri."

Mzee akamgeukia Bi Sponji. "Umeona? Maji hayo."

 Bi Sponji alishuka, akaketi kwenye kiti kilichokuwa kifupi kama beseni, halafu, wapwa zangu, akatoa mguno uliowageuza hata ndege. "Ooh! Magoti yangu! Magoti yangu mie!"

Sasa huyo mbeba kigoda alikuwa amemwona wiki ile ile akitoka karakana na kochi la watu wawili kichwani, akiimba. Akafungua mdomo aulize. Bi Sponji akamkanyaga kidole gumba, na mdomo ukafunga wenyewe.

"Pole, mama," Asali alisema. "Lakini hii mwendo wake ni risasi!"

"Risasi haina pa kukaa, baba. Nivute."

Wakaenda kwenye ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa ghorofa tatu. Taa zake zilining'inia kama hereni, na ngazi zake zilijizungusha kama ganda la chungwa. Mzee Kokoto alipoiona, macho yalimtoka, akaanza kutembea kama mwenye nyumba. Daraja la kupandia lilikuwa limesimama wima karibu kama ukuta. Mama Kokoto akakumbuka tena upepo wake.

Bi Sponji alipanda, akiomboleza kila kidato. Na kila alipoomboleza aliuliza. Pa kushikia pako wapi? Huu mlango mbona una kizingiti kama cha kuzuia ng'ombe? Mtu akitaka kutoka usiku, taa iko wapi?

"Na choo?"

"Chini, mama. Ngazi kumi na moja tu," Asali akasema.

"Chai inachemshwa wapi?"

"Juu, penye hewa."

"Kwa hiyo mtu anaywea juu, kisha anakimbilia chini. Hii ni boti au ni adhabu ya shule?"

Kule gatini Mama Kokoto alicheka, akaziba mdomo kwa mkoba. Lakini mzee alishaanza kuchemka. "Fundi, boti ninanunua mimi au unanunua wewe? Tangu asubuhi magoti, magoti! Magoti yako yanahusu nini?"

"Fundi akiumwa, mzee, na kazi inaumwa."

"Basi kaumwe nje!" Akakwea peke yake mpaka ghorofa ya tatu. Kutoka chini walimwona ameikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa. "Panafaa!" alipiga kelele. Hakupunga mkono, kwa sababu hakuwa na mkono wa kupunga.

Aliposhuka, alishukia kinyumenyume, akatua gatini, akapangusa uso. "Nimeamua. Hii hapa."

Asali alikuwa na karatasi tayari. Watu wa aina hiyo huzaliwa na karatasi tayari. Akaitandaza juu ya pipa, akatoa kalamu, akaifungua kifuniko kwa heshima.

Moyo wa Bi Sponji ukapiga kama cherehani iliyokosa uzi. Ujanja wake wote ulikuwa umekwisha. Alikuwa ameulilia ulemavu asiokuwa nao asubuhi nzima, na alichopata ni kufukuzwa. Akamnyang'anya shemeji yake kigoda, akakiweka mbele ya Mama Kokoto, akainama kama anayefuta vumbi.

"Mama," alinong'ona. "Nikikupima hapa, atasikia mbao. Nisipokupima, anatia sahihi. Sitasema neno. Amua wewe."

Mama Kokoto alimtazama mumewe, ambaye alikuwa akimwonyesha Asali mahali ambapo angependa bendera ikae.  Kisha akaushusha mkoba chini.

"Weka," alisema. "Weka moja moja. Asikie."

"Wanaume wageuke!" Bi Sponji akatangaza. "Mama anapimwa."

Wakageuka, hata Asali. Mzee Kokoto alisimama na kalamu mkononi, akiangalia maji. Ubao wa kwanza uliwekwa: ko. Kimya, mguno mdogo. Wa pili: ko. Wa tatu: ko.

"Haya, tumelingana," mzee alisema kwa furaha, bila kugeuka.

Ko.

"Fundi, umeteleza mkono?"

Ko. Ko. Na huyo ni mtu aliyehesabu matoroli ya mawe miaka thelathini kwa masikio tu, amefumba macho. Huwezi kumdanganya kwa sauti ya kitu kinachopangwa juu ya kitu. Wa saba ulipolia, kalamu ilishuka. "Fundi," alisema, na sauti haikuwa ile ya bendera tena, "unapima au unajenga?"

Ko. Mama Kokoto akainuka.

"Ngapi hizo?" aliuliza mzee.

"Kipimo cha mtu ni cha mtu," alisema Bi Sponji, akifunga daftari.

"Mimi ni mume wake!"

"Basi muulize mkeo."

Akageuka. Mama Kokoto alikuwa amesimama mbele ya mnara mdogo wa mbao, mikono imeshuka, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. "Ni nane," alisema. "Na magoti yanayolia hapa tangu asubuhi si ya fundi, baba. Ni yangu. Fundi kaniazima mdomo."

"Si ulisema unaogopa maji?"

"Maji yamenikosea nini? Naogopa ngazi."

"Miaka miwili yote?"

"Miwili na nusu. Wewe ulikuwa unasoma injini."

Asali alinyamaza. Nasema Asali alinyamaza, na kama kuna mahali mnaweza kuacha kuniamini, basi ni hapo. Mzee Kokoto alichutama pale gatini kando ya kigoda, na magoti yake yalitoa sauti ile ile aliyokuwa akiwauzia watu kwa lori.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniletea daktari wa asubuhi, daktari wa jioni, na binamu zako wawili wa kunishika mkono nikienda msalani. Mimi sikutaka wauguzi. Nilitaka mume, naye alikuwa machimboni."

Mzee alikwaruza sakafu ya gati kwa kalamu, akaiharibu. Kisha akasogea karibu, akasema chini chini, ila shemeji wa fundi ana masikio mazuri. "Na mimi nikuambie. Kule juu, ghorofa ya tatu, kizunguzungu kilinishika. Ile nguzo nilikuwa nimeishika kama mama yangu mzazi."

Mama Kokoto alicheka mpaka akakaa tena juu ya mbao zake nane.

Ya tatu ilikuwa mwisho wa gati, na Asali alikuwa amekusudia wachoke kabla ya kuifikia. Ilikuwa pana, fupi, imetulia kama kuku anayeatamia. Nyuma yake kulikuwa na mlango uliolingana na gati, unaingia kama unavyoingia sebuleni kwako. Jiko, choo na vitanda, vyote vilikuwa sakafu moja. Nondo za kushikia zilizunguka kila ukuta, na mbele kulikuwa na viti viwili ubavu kwa ubavu, cha usukani na cha mwenzake.

"Ila hiyo, mzee, ni ya wastaafu," Asali alisema kwa huruma.

"Na mimi ni nani? Mwanafunzi?"

"Nasema kwa sababu ya mwendo. Kutoka hapa mpaka ule mnara wa taa ni saa nzima."

Mzee Kokoto alimtazama mkewe. "Saa nzima."

"Unawahi wapi?" mama aliuliza.

"Lakini wenzangu watanicheka. Yule muuza saruji ana inayokwenda kama umeme."

"Watatucheka tukiwa wawili," alisema Mama Kokoto. "Mke wa huyo wa saruji nimekutana naye jana. Alikuwa peke yake."

Hapo ndipo karatasi nyingine ilipoandikwa, kwa kalamu nyingine. Mzee alisoma kila mstari, na pale palipoandikwa matumizi ya boti, Asali alipokwishajaza "safari za kasi na burudani", alikata kwa mstari mmoja akaandika "kukaa".

Bi Sponji alishona wiki tatu. Rangi ilikuwa ile ile ya damu ya mzee, na kiti cha mama kilipanda juu kuliko cha mzee, hata vikawa havilingani kama meno ya mtoto wa miaka saba. Mzee alipoviona alilalamika kwamba nahodha anakaa chini ya abiria. Bi Sponji akamwambia mbona nyumbani ni hivyo hivyo na hajawahi kulalamika.

Na siku ya kuvifunga viti, mji mzima ulikuja gatini. Mama Kokoto hakushikwa mkono na mtu. Alivuka ule mlango kama msichana wa miaka kumi na minane, akapita jikoni, akakalia kiti cha usukani chenyewe, akaziwasha injini zote mbili, akamsukuma mzee pembeni, na boti ikachomoka ikipasua mawimbi marefu kama nyumba, mpaka yule wa saruji akavua kofia na samaki wakaanza kupiga ma—

"Shemeji, mawimbi gani?" Bi Sponji akadakia. "Boti ilikuwa imefungwa kamba mbili, na mji mzima ulikuwa wewe na mlinzi. Na mkono alinishika. Sema hivyo: alinishika mkono, akaingia."